Orodha ya Langoni

Makao Makuu ya Mfuko, chumba cha kumbukumbu
Tarehe 3 Machi

Dada,

Kabla hujaanza kunisuta kwamba mjini nimewasahau, nipe nafasi nijitetee. Tangu mwaka uanze nimefungiwa chumba kilicho chini ya ngazi pamoja na majalada ya miaka hamsini, nakohoa vumbi la watu waliokwisha kufa, na mkuu wangu anataka kitabu mkononi kabla ya sherehe za Desemba. Ni historia ya Mfuko wa Maendeleo wa Jumuiya, tangu nchi sita zilipofungua mipaka ili bidhaa zipite bila ushuru, hadi leo. Mama aliniita Kalamu kwa utani, na utani umenigeukia.

Shuleni walitudanganya. Mfuko haukuanza kwa huruma. Mipaka ilipofunguliwa, viwanda vya nchi kubwa viliviua vya nchi ndogo ndani ya miaka mitatu, na ndogo zikatishia kujitoa. Wakubwa wakaona heri watoe fungu la kuwajengea majirani barabara na madaraja kuliko kupoteza soko. Kifuta machozi, basi.

Tena kila kanuni ya Mfuko ina damu yake. Mwaka wa kumi na mbili kambi ya wajenzi wageni ilichomwa mchana kweupe, milango imezuiwa kwa nondo kutoka nje. Walikufa thelathini na mmoja. Mpishi alijitumbukiza kwenye pipa la maji ili apone, akachemkia humo. Ripoti ya mwaka ule inaliita jambo hilo "usumbufu mdogo eneo la kazi". Ndipo ikatungwa kanuni ya nusu kwa nusu: mradi wowote wa mpakani, nusu ya wafanyakazi watoke upande mmoja, nusu upande wa pili. Mwaka wa kumi na tisa ikagundulika wakandarasi wanaandika majina ya wafu ili nusu itimie, basi ikaongezwa kanuni nyingine. Orodha ibandikwe langoni mwa mradi, kila jina na upande wake na nyumba anayolala, mkaguzi akija aende agonge mlango amwone mtu kwa macho.

Sasa nije kwenu. Daraja la pili la hapo mtoni mpakani limekwama kwa sababu mafundi wa nchi ya ng'ambo hawatoshi, amepungua mmoja. Orodha za huko hupitia mezani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji wa pale. Nimewaza: shemeji si alizaliwa ng'ambo? Alikuja na daraja la kwanza, akakuoa wewe, akakaa. Nikimwandika upande wa kule anapata usimamizi wa wachomeleaji kesho kutwa, na kazi inasonga. Ni karatasi tu. Mwulize.

Mdogo wako,
Kalamu

*

Zahanati ya mtoni
Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Mbona barua ndefu hivyo halafu hujauliza hata mgongo wangu unaendeleaje. Unauma.

Shemeji yako alicheka kwanza, kisha akanuna siku mbili. Aliniambia, "Nimeishi hapa miaka ishirini na mbili. Mama yako nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Leo niwe mgeni kwa sababu ya karatasi?" Nikamwambia asijifanye bibi harusi. Mwanamume aliyekaa miezi saba bila kushika mtambo wa kuchomelea anaanza kukosoa namna ninavyokata vitunguu. Nilimsukuma, Kalamu, sitaki nikufiche. Nilimsukuma mpaka akasema haya.

Kwa hiyo mwandike. Nyumba anayolala unaijua: nyumba ya nesi, nyuma ya zahanati, mlango wa buluu.

Mziwanda wetu bado anasimama langoni kila asubuhi na wenzake mia mbili. Wanasoma ubao kama watu wanaotafuta matokeo ya mtihani. Nusu yetu imejaa, anasema. Nilijaribu kumweleza kuwa mtu wa ng'ambo akiongezwa, na nafasi ya kwetu inaongezeka, ndiyo maana ya nusu kwa nusu. Akaniambia hizo ni hesabu za Kalamu, yeye anachoona ni wageni wanaingia na yeye yuko nje. Umri wake miaka ishirini na tisa na bado anaitwa Mziwanda. Nadhani hilo nalo linamuuma.

Dada yako

*

Makao Makuu
Tarehe 2 Aprili

Dada,

Pole ya mgongo. Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotaraji. Kwa jina moja la shemeji nusu imetimia, kazi imefunguliwa. Mkuu amenipongeza mbele ya watu.

Nikuombe kitu. Nipigie picha ya ubao wa langoni wenye jina lake, nataka kuiweka kwenye sura ya tano. Nimeandika hapo: "Mfuko ulijifunza kutokana na maumivu." Naona sentensi hiyo ina uzito. Ubao ule ni ushahidi kwamba watu wa pande mbili wanaweza kuandikwa karatasi moja.

Mziwanda avumilie. Mwambie namkumbuka.

Kalamu

*

Zahanati
Tarehe 28 Aprili

Kalamu,

Picha sikupigii. Soma kwa makini, sina muda wa kurudia.

Jumanne vijana wa langoni walimkamata mpimaji wa ng'ambo kwenye bomba la maji. Walimpiga kwa nondo mpaka taya likahama, na aliponifikia alikuwa ameshika meno yake matatu kiganjani kama mtu anayerudisha chenji. Alhamisi walikuja wawili, mmoja amevunjwa vidole vyote vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, juu ya jiwe. Waliomfanyia walikuwa wanahesabu kwa sauti. Nimeshona watu kumi na mmoja mwezi huu, na wote wanatoka kwenye ile nusu moja.

Hawakutani nao kwa bahati. Wanasoma ubao. Jina, upande, nyumba. Jana asubuhi kila jina la ng'ambo lilikuwa limetiwa alama ya rangi nyekundu pembeni, na la mume wangu ni la nne kutoka juu.

Mfute. Au mrudishe upande wetu, ambao ndio upande wake. Uliniambia ni karatasi tu, basi ichane.

Yeye anaendelea kwenda kazini. Anasema akijificha atakuwa amekubali kuwa mgeni. Mimi naogopa, usiku naamka kuhakikisha mlango umefungwa.

Dada

*

Makao Makuu
Tarehe 6 Mei

Dada yangu,

Nimeisoma mara tatu. Nisikilize kwa utulivu.

Wakaguzi wanakuja huko tarehe 30 Juni. Nikilibadilisha jina sasa hivi, nusu inavunjika, mradi unasimama, halafu wataniuliza ni nani aliyemwandika mwanzo. Hapo ninapoteza kazi, na daraja linapotea pamoja nami, na ile wodi mpya ya zahanati yako iliyo chini ya mkataba huohuo. Ni wiki nane tu. Nimeongea na mkuu, ameahidi kuandikia polisi wa huko.

Wakati huo mchukue Mziwanda alale kwenu. Hao wanaofanya fujo ni marafiki zake, anawajua kwa majina, hawatamvuka kumfikia shemeji yake. Damu ni nzito. Mwambie mimi ndiye nimemtuma, na akifanya kazi hiyo vizuri, Julai nitamtafutia nafasi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nakuomba usiogope.

Kalamu

*

Zahanati
Tarehe 13 Mei

Kalamu,

Mziwanda amehamia. Analala sebuleni, rungu chini ya kochi. Jioni wanacheza drafti na shemeji yake na wanatukanana mpaka nacheka. Nakushukuru kwa hilo. Polisi hawajaonekana.

Dada

*

Makao Makuu
Tarehe 22 Mei

Dada,

Redio imesema kuna vurugu mpakani tangu juzi. Simu ya zahanati inaita tu. Niandikie neno moja, hata kwenye karatasi ya dawa.

Leo nimeitwa nisaidie kuandika taarifa ya Mfuko. Nilipofika walikuwa wameshaiandaa: usumbufu mdogo, kazi itaendelea. Niliomba watoe lile neno "mdogo". Wakaniuliza kama nina habari nyingine. Nikasema sina.

Kalamu

*

Tarehe 26 Mei

Kaka Kalamu,

Dada amesema nikujibu. Tupo. Dada ana kazi nyingi wagonjwa wamejaa. Mimi nimeumia kidogo mguu lakini naendelea vizuri. Usije sasa njia ni mbaya. Ile nafasi uliyosema ya Julai usihangaike, siitaki.

Mdogo wako wa mwisho

*

Makao Makuu
Tarehe 30 Mei

Dada,

Barua ya Mziwanda imefika. Nilikaa sakafuni kati ya majalada nikalia kwa furaha, mhudumu wa chai akadhani nimefiwa. Mungu mkubwa. Kumbe kijana alisimama imara mpaka akaumia mguu! Mwambie najivunia yeye, na asijifanye mnyenyekevu, nafasi yake ipo.

Msalimie shemeji. Mwambie namdai mchezo wa drafti.

Kalamu

*

Zahanati
Tarehe 8 Juni

Kalamu,

Sikumwambia Mziwanda akujibu. Aliandika kwa akili yake. Barua yako ya kujivunia ameisoma, kisha akajifunika shuka kichwani, na tangu hapo hali chakula.

Nitakuandikia kama ninavyoandika taarifa ya mgonjwa. Nikiandika vingine sitamaliza.

Ilikuwa Jumatano tarehe 20, saa nne asubuhi. Waling'oa karatasi ubaoni na kuichana vipande, kila kundi kipande chake, kila kipande nyumba sita au saba. Walikwenda kwa utaratibu. Waligonga milango kama mkaguzi. Mimi nilikuwa zahanati na nilifungua kazi na mtu aliyepasuliwa kichwa kwa sururu, akafia kwenye benchi akiuliza kofia yake iko wapi. Wa pili alichomwa nondo tumboni ikatokea mgongoni, wakamleta nayo hivyo, wanne wamembeba kama mwavuli. Kufika saa tano sakafu ilikuwa inateleza, nikamwagia mchanga wa ndoo za kuzimia moto. Walikufa mikononi mwangu kumi na wanne. Sikuwauliza upande.

Saa tano na nusu wakamleta Mziwanda. Paja limekatwa kwa panga, mshipa mkubwa unaruka. Nilitia vidole ndani nikaubana, nikaufunga, nikamshona nyuzi kumi na nne bila ganzi kwa sababu ganzi ilikuwa imekwisha. Muda wote alikuwa anasema, "Dada, niache. Dada, niache nife." Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia anyamaze, shemeji yake anakuja sasa hivi kumbeba nyumbani. Aliposikia hivyo alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima.

Nyumba yangu iko hatua arobaini kutoka pale niliposimama. Sikwenda mpaka saa nane.

Mlango wa buluu haukuvunjwa, Kalamu. Ulifunguliwa kwa ndani. Mume wangu alikuwa zamu ya mchana, alikuwa amekaa anafunga viatu vya kazi. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Alikatwa shingoni, mabegani, na mikono yote miwili, kwa kuwa aliiinua. Ukuta mzima. Siandiki zaidi hapo.

Mziwanda ameniambia mwenyewe, siku ya tatu, bila kuulizwa. Walimwita jina dirishani, rafiki zake. Walisema anayemficha mtu wa orodha naye ni wa orodha. Walisema watamvusha shemeji yake daraja tu, hawatamgusa. Alifungua. Walipoingia walimpa panga wakamwambia aanze yeye, au wawamalize wote wawili. Akaanza yeye. Alimpiga begani. Anasema shemeji yake alimtazama tu, halafu wengine wakaingilia, na katika kukata ovyo mmoja wao akampata yeye pajani.

Nimemshona mtu aliyemkata mume wangu, na ningemshona hata kama ningejua, na sijui kama hilo ni jema au ni ugonjwa wangu. Kila asubuhi nambadilisha bandeji.

Sasa shida yangu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Maiti ziko kwenye kontena la barafu nyuma ya hospitali kubwa. Serikali mbili zimekubaliana kwamba wa ng'ambo wote warudishwe kwao kwa heshima, wazikwe huko. Wanatumia orodha ya Mfuko. Mume wangu wameniandikia yeye ni wa ng'ambo. Nimepeleka cheti cha ndoa, nimepeleka kitambulisho chake, wanasema orodha ya Mfuko ndiyo ya mwisho, na ina sahihi. Ng'ambo hana mtu hata mmoja, wazazi walikwisha kufa, ndugu hakuna. Nataka kumzika hapa, pembeni ya mama, mahali ambapo alichimba mwenyewe.

Andika barua moja. Sema uliandika upande usio wake, wewe, kwa mkono wako, na kwa nini. Itie sahihi na muhuri. Malori yanavuka Jumatatu tarehe 22.

Dada

*

Makao Makuu
Tarehe 15 Juni

Dada,

Sijui nianzie wapi. Mimi ndiye niliyesema Mziwanda alale kwenu. Neno hilo halinitoki kichwani.

Barua nimeiandika mara nne. Nimempelekea mkuu, kwa kuwa muhuri uko kwake. Alifunga mlango, akanipa kiti, akaongea nami taratibu kama baba. Anasema barua hiyo ikitoka, maana yake orodha ya Mfuko ilikuwa ya uongo, na ikiwa moja ni ya uongo, nchi mbili kati ya sita zimekuwa zikisubiri kisingizio hicho miaka mingi ili zisitoe tena fungu lao. Si daraja lenu tu. Visima, shule, reli ya kaskazini. Ameniambia, "Watu walikufa ili kanuni hii iwepo. Wewe unataka kuiua kwa ajili ya kaburi moja?" Nikatoka na barua yangu bila muhuri. Najua wewe ungemjibu.

Nipe wiki moja. Natafuta namna ya kuandika ambayo itamrudisha shemeji bila kubomoa kila kitu. Maneno yapo, ni kuyapata tu. Niamini.

Kalamu

*

Makao Makuu
Tarehe 24 Juni

Dada,

Iko hapa ndani. Imetiwa sahihi. Muhuri nimeupiga mwenyewe wakati mkuu yuko mkutanoni, na nakala nimeiweka mezani kwake. Nimesema yote: kwamba nilijua, kwamba nilibadili upande, kwamba nilifanya hivyo ili nusu itimie. Nimesema pia kwamba uliniomba nimfute tarehe 28 Aprili na nikakataa.

Tarehe naijua, Dada. Najua leo ni ya ngapi. Naambiwa malori huchelewa sana mpakani.

Kalamu

*

Zahanati
Tarehe 5 Julai

Kalamu,

Malori hayakuchelewa.

Barua yako ilifika Ijumaa. Ni barua nzuri, imenyooka, hakuna neno la kujificha ndani yake, na ingefika wiki mbili mapema mtunza maiti angenifungulia kontena bila ubishi. Nimemwonyesha. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Mama, pole sana."

Tarehe 22 niliyafuata malori ya maiti kwa miguu. Tangu mwezi wa tano watu hatuvuki bila kibali. Malori ya saruji ya Mfuko yalikuwa yanapita bila hata kupunguza mwendo, mimi mjane wakaniandikia kibali kinachoisha saa kumi na moja jioni. Huko walikuwa wamechimba mtaro mmoja kwa trekta, mrefu, na maiti ziko ndani ya plastiki nyeusi zenye namba. Hakuna aliyejua namba ipi ni ya nani. Nilifungua plastiki saba. Katika ya saba nilimtambua kwa makovu ya cheche kwenye kifua, yale madogo madogo. Niliomba maji, wakanipa ndoo ya wachimbaji. Nilimsafisha uso na ile mikono. Nilikuwa nimebeba uzi na sindano, sijui kwa nini nilibeba, nikamshona palipokuwa wazi, yote, mpaka askari akaja kuniambia muda wangu unakwisha. Nikamwomba dakika tano, akanipa kumi. Alikuwa kijana mwenye adabu.

Kuvuka tena wamenikataza. Kibali ni kimoja kwa kila familia, nimeshakitumia.

Mziwanda ameanza kutembea. Jana alikwenda polisi kwa mguu huo mbovu akajiandikisha mwenyewe, wakamwambia arudi Jumatatu, afisa hayupo. Atarudi, namjua. Wewe usimtafutie wakili wala nafasi.

Sitaki uniandikie kuhusu kitabu. Sitaki kujua sura ya tano inasemaje. Hasira niliyonayo juu yako ni kubwa, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe, maana alikataa na mimi ndiye niliyemsukuma. Hilo nalibeba. La kwako siwezi kukubebea.

Kadi yako ya Mfuko bado haijachukuliwa, nadhani. Nayo inavuka popote bila kuulizwa. Kabla hawajaichukua, nenda. Mtaro uko nyuma ya ghala la nafaka, yeye ni wa tisa kutoka upande wa ukuta, nimeweka kipande cha bomba la chuma kuwa alama. Mwambie uliyoniambia mimi, lakini mwambie yeye. Simama kuliani kwake. Sikio la kushoto liliharibikia kazini, kwenye daraja la kwanza, na nisingependa neno lako limpite.

Dada yako